Penye njia pawe na nia

Msomaji akitaka kuijua hali ya elimu yetu, asiende kwanza darasani. Na asimame kando ya barabara ya lami inayopita Tigania, saa tisa na nusu alasiri ya siku ya shule, wakati watoto wa madarasa ya chini wanaporejea makwao. Atawaona wakienda mmoja nyuma ya mwingine kama siafu, mikoba mgongoni, wakiukanyaga ukingo wa lami uliomegwa na maji ya mvua. Kisha itasikika honi kutoka upande wa Maua. Watoto wataruka mtaroni bila kuambiwa na mtu, kwa kuwa wamezoea. Gari la miraa litapita kwa kasi, vumbi litatulia, na safu itajiunda upya kana kwamba hapakutokea jambo.

Kasi ile ina sababu yake. Miraa ikishachumwa huanza kupoteza nguvu, kwa kuwa kemikali yake iitwayo kathinoni huvunjika na kugeuka kuwa kitu dhaifu zaidi; baada ya siku mbili hivi mnunuzi huiona kama majani ya mbuzi. Kwa hiyo mkulima, mpakizi na dereva wote hukimbizana na saa ya ndege. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipoufunga mlango wake mwaka 2020 kabla ya kuufungua tena mwaka 2022, biashara iliyumba. Lakini shehena iliyobaki ilikuwa na haraka ile ile. Simlaumu dereva peke yake. Nauliza tu swali jepesi: kwa nini mtoto wa miaka minane na gari linaloiwahi ndege wapangiwe njia moja?

Swali hili si la Tigania pekee. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani zaonyesha kwamba katika kila mwaka tangu 2021 hadi 2024 watu zaidi ya 4,000 waliuawa katika barabara za Kenya, na kundi lililo kubwa kuliko yote ni la watembeao kwa miguu. Yaani anayeuawa zaidi na gari ni yule asiyekuwa nalo.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, naomba radhi nianze na neno. Mswahili husema njia. Mmeru na Mkikuyu husema njira. Mkamba husema nzia. Mnyarwanda husema inzira. Na ukishuka hadi kwa Washona wa Zimbabwe utakuta nzira. Hapana shaka kwamba haya yote ni matawi ya mzizi mmoja, mzizi wa kale ambao babu zetu walisafiri nao walipokuwa wakitawanyika barani. Walikuwa na neno njia kabla hawajaliona gurudumu. Neno barabara halimo katika urithi huo. Kiswahili kimelipa neno hilo maana mbili: njia kuu ya kupitia, na pia sawasawa, inavyopasa. Ni kejeli ya lugha kwamba leo tuna barabara nyingi ambazo kwa mwenda miguu si barabara hata kidogo.

Nilizaliwa upande wa Muthara. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipokuwa shule ya msingi, sikuijua lami ila siku ya kupelekwa mjini Meru. Njia yetu ya kwenda shuleni ilipita nyuma ya maboma, ikashuka hadi kijitoni, ikapanda katikati ya mashamba ya mahindi na mibuni, ikatokeza kando ya uwanja wa shule. Ilikuwa pana kiasi cha watu wawili kupishana, mmoja akiwa na mzigo wa kuni. Mwalimu wetu wa hesabu aliipitia kwa baiskeli yake nyeusi, nasi tulimpisha kwa heshima, kisha tukamkimbilia nyuma tukimsukuma penye mwinuko. Hakuna aliyekuwa ameichora njia hiyo katika ramani. Ilikuwapo kwa sababu watu walipita, na watu walipita kwa sababu ilikuwapo.

Njia hiyo leo haipo. Nani aliyeifunga? Ningependa kusema ni serikali, au ni tajiri mmoja aliyetoka mbali. La hasha. Wapimaji wa ardhi walipomaliza kazi yao kwetu, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kila mwenye shamba alitaka mpaka wake uonekane. Ua wa kwanza kuikata njia ile ulikuwa wa nyumbani kwetu. Nilikuwa likizoni kutoka chuo kikuu, nami ndiye niliyeishika seng'enge wakati marehemu baba akiigongomea kwenye vigingi. Tulifurahi siku hiyo. Jirani wa chini alipoona tumefunga, naye akafunga. Na wa tatu akafuata. Katika muda wa miaka miwili watoto wa vijiji viwili walikuwa wamehamishiwa kwenye lami, na hakuna aliyewahi kuketi barazani akaamua wahamishwe. Miaka michache baadaye mtoto wa jirani aligongwa na pikipiki alipokuwa akitoka shuleni, akavunjika mguu. Alipona, ila anachechemea hadi leo. Kila ninapokutana naye hunisalimu kwa adabu, nami huwa sijui pa kuyatia macho yangu.

Mambo haya yalinirudia niliposoma habari za mashamba ya Ufaransa, nchi ambayo wengi wetu twaijua kwa mashindano yake makubwa ya baiskeli yaliyoanza mwaka 1903. Mashindano hayo hupita katika barabara za magari zilizofungwa kwa saa chache. Lakini Wafaransa wanazo njia nyingine zisizotangazwa sana, ambazo magari hayaingii mwaka mzima. Huziita voies vertes, yaani njia za kijani. Zinatumiwa na wenda miguu, waendesha baiskeli, watoto, wazee, na walemavu katika viti vyao vya magurudumu. Mwaka 2004 njia hizo ziliingizwa rasmi katika kanuni za barabara za nchi hiyo, zikapewa alama yake, na chombo chenye injini kikakatazwa.

Ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1997 katika jimbo la Burgundy, kutoka mji wa Givry hadi Cluny, mwendo wa kilomita 44. Haikulimwa upya. Ilikuwa njia ya reli iliyokuwa imekufa. Mnamo mwaka 1879 serikali ya Ufaransa ilianzisha mpango mkubwa wa kufikisha reli hata katika miji midogo ya mashambani; magari yalipozidi katika karne ya ishirini, nyingi za reli hizo zikakosa abiria, vyuma vikang'olewa, na tuta likabaki na magugu. Basi badala ya kuigawa ardhi ile vipande vipande, watu wa Burgundy walilisawazisha tuta, wakaweka lami nyembamba, na stesheni za zamani zikapata kazi nyingine. Mbele ya Cluny, kuelekea Mâcon, lipo hata handaki la garimoshi lenye urefu wa zaidi ya mita 1,600, ambalo sasa hupitwa na baiskeli, na ambalo hufungwa majira ya baridi ili popo walale kwa amani. Taifa linalowawekea popo ratiba, msomaji mpendwa, haliwezi kudai kwamba limekosa njia ya kuwawekea watoto.

Mfano mwingine ni wa maji. Mfereji wa Canal du Midi, uliosimamiwa na Pierre-Paul Riquet na kukamilika mwaka 1681, huenda kilomita zipatazo 240 kutoka Toulouse hadi karibu na bahari ya Mediterania. Kando yake palikuwa na ujia wa farasi waliozivuta mashua kwa kamba. Farasi walipostaafu, sehemu nyingi za ujia huo zilipata waendesha baiskeli. Aidha, kando ya mto Loire imepangwa safari ya kilomita zipatazo 900. Baadhi ya sehemu zake hazina magari kabisa, na nyingine hupita katika barabara ndogo za vijijini ambako gari ni moja moja. Msafiri hulala katika nyumba za wanakijiji, hununua mkate na jibini yao, kisha huendelea na safari.

Nayataja haya si kwa kuihusudu Ulaya. Ni kwa sababu ndani yake mna kanuni tatu ambazo mwalimu yeyote wa Jiografia anaweza kuzifundisha hapa Muthara.

Kanuni ya kwanza ni ya mwinuko. Garimoshi haliwezi kupanda mlima mkali, na maji hayawezi kupanda kabisa. Kwa hiyo njia ya reli na ujia wa mfereji hulazimika kuuzunguka mlima taratibu, na ndiyo maana mzee wa miaka sabini anaweza kuendesha baiskeli humo. Mtu atasema, na ni kweli, kwamba Meru hatukupata reli. Ile ya magharibi mwa Mlima Kenya iliishia Nanyuki. Atasema pia kwamba miteremko ya Nyambene si mahali pa baiskeli. Lakini mkulima wa Tigania aliyewahi kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, au kuongoza maji hadi shambani mwake, anaijua kanuni hii bila kusomeshwa na Mfaransa. Njia zetu za zamani zilikuwa za namna mbili: ile ya mkato iliyoshuka moja kwa moja kijitoni, na ile ndefu iliyozunguka ubavu wa kilima, ambayo wanawake wenye mizigo waliipendelea. Hii ya pili ndiyo njia ya baiskeli. Tuitafute hiyo.

Kanuni ya pili ni ya umiliki. Njia ya Givry iliwezekana kwa sababu tuta la reli lilikuwa mali ya umma, na halikuuzwa. Sisi nasi tunayo sheria, tena nzuri. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inatambua haki ya njia ya umma, na kuipa Tume ya Kitaifa ya Ardhi kazi katika kuianzisha. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka huo huo inasema kwamba haki za njia zilizokuwapo wakati ardhi ilipoandikishwa kwa mara ya kwanza huendelea kuifunga ardhi hiyo hata kama hazikuandikwa katika sajili. Kwa maneno mengine, hatimiliki haifuti nyayo. Na Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi kaunti barabara zake na usafiri wake. Hapana haja ya kungoja mtu kutoka Nairobi.

Kanuni ya tatu ni ya udogo. Ufaransa haikuanza na kilomita elfu. Ilianza na 44. Haba na haba hujaza kibaba. Sisi tunaweza kuanza na nne: kutoka soko hadi shule, kutoka shule hadi zahanati, kutoka zahanati hadi kituo cha kahawa. Tukifaulu, tuziunganishe. Hatimaye mtu ataweza kutoka Muthara hadi Nchiru, palipo na hekalu la Njuri Ncheke na chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, bila kuisikia honi. Wageni wakija, na waje. Mlima Kenya upande mmoja na nyanda za mbuga ya Meru upande mwingine ni mandhari ambayo mwenyeji wa kando ya Loire angeililia. Lakini wageni wawe matunda ya njia, wasiwe sababu yake. Njia itakayojengwa kwa ajili ya mtalii itafungwa mtalii asipokuja. Itakayojengwa kwa ajili ya mwanafunzi itakuwa na wasafiri kila siku ya shule.

Tena hatuko ugenini kabisa katika jambo hili. Katika mbuga ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, iliyotengwa mwaka 1984, watu huendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Katika msitu wa Karura jijini Nairobi, ule ambao Wangari Maathai na wenzake waliutetea mwaka 1999 hata wakamwagiwa damu, familia huendesha baiskeli chini ya miti. Jirani zetu wa Rwanda tangu mwaka 2016 wamekuwa na siku za kuyaondoa magari katika baadhi ya barabara za Kigali, na Septemba 2025 mji huo ulikuwa wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Chris Froome, aliyeshinda mbio za Ufaransa mara nne kati ya 2013 na 2017, alizaliwa Nairobi na kujifunza baiskeli chini ya David Kinjah katika vijiji vya Kikuyu. Na Biniam Girmay wa Eritrea aliposhinda siku tatu za mbio hizo mwaka 2024, ilidhihirika kwamba miguu ya Mwafrika haina upungufu wowote. Upungufu uko mahali pa kuikanyagia.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba baiskeli ni chombo cha maskini, na kwamba mtoto aliyesoma hapaswi kurudishwa nyuma. Fikra hii ndiyo iliyotufanya tuitupe baiskeli mara pikipiki ilipokuwa rahisi kununua. Hata jina boda boda, msomaji akumbuke, lilikuwa la baiskeli. Lilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, ambako vijana walivusha abiria kutoka mpaka hadi mpaka kwa nguvu za miguu yao. Serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo mwaka 2008, jina likahama, na baiskeli ikabaki bila jina wala njia. Ila mwajiriwa wa Paris mwaka 1936, alipopata kwa mara ya kwanza kisheria likizo ya majuma mawili yenye malipo, aliipakia familia yake kwenye baiskeli akaenda kuiona nchi yake. Hakujiona amerudi nyuma. Alijiona amekuwa raia.

Pingamizi la pili ni kwamba waendesha pikipiki wataivamia njia hiyo mara itakapofunguliwa. Hili lina uzito. Wafaransa nao walilipata tatizo hilo, na dawa yao ni vigingi vilivyosimamishwa penye maingilio kwa namna ambayo baiskeli na kiti cha magurudumu hupita, gari halipiti, na pikipiki hulazimika kusimama. Kwetu kigingi peke yake hakitatosha, kwa kuwa kitang'olewa usiku. Kitakachotosha ni kuwaita vijana hao mezani tangu mwanzo. Wao pia wana wadogo zao shuleni, na wao pia wamechoka kulaumiwa.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote: ardhi. Mashamba yetu yamegawanywa hadi kufikia robo eka, na mtu anayeambiwa aache futi sita huhesabu mashina ya mibuni atakayong'oa. Sina jibu jepesi, wala simwamini mwenye jibu jepesi. Nasema tu kwamba mkulima huyo huyo hulipa nauli ya boda boda ya mwanawe asubuhi na jioni ili asipite kwenye lami. Akijumlisha nauli ya muhula mmoja, kisha akaiweka kando ya bei ya kahawa itokayo katika futi sita, huenda akapiga hesabu upya.

Kwa walimu nina ombi. Jumamosi moja wachukueni wanafunzi wa madarasa ya juu, pamoja na wazee wawili watatu wanaokumbuka, mzitembee njia za zamani zilizokuwa zikifika shuleni kwenu. Wanafunzi wazichore katika ramani, wapime urefu, waandike ni mahali gani pamefungwa na kwa ua wa namna gani, bila ya kuandika majina ya watu ili pasiwe na uhasama. Wawaulize wazee majina ya njia hizo na ya vijito vinavyovukwa, kwa kuwa majina hayo nayo yanakufa, na hilo ni pengo ambalo mtaalamu wa lugha hawezi kuliziba baadaye. Ramani kumi za shule kumi zikifikishwa katika mkutano wa hadhara wa wadi, ambako mipango ya kaunti hujadiliwa, zitakuwa na nguvu kuliko makala mia kama hii.

Na kwa wanafunzi: msiionee haya baiskeli, na msidharau miguu yenu. Mtakaporithi mashamba, kumbukeni kwamba mpaka si lazima uwe ukuta.

Wahenga walisema penye nia pana njia. Likizo iliyopita nilirudi nyumbani, nikaketi na ndugu zangu chini ya mwembe aliouacha baba, nikawaeleza haya niliyoyaandika. Mazungumzo yalichukua siku mbili, na siku ya kwanza hayakuwa matamu. Hatimaye tulikubaliana. Ua wetu sasa una mwanya wa futi sita, na seng'enge ile niliyoishika ujanani niliikunja kwa mikono yangu mwenyewe. Jirani wa chini bado hajakubali. Anasema anataka kuona kwanza kama wa tatu atafungua, na wa tatu anamngoja yeye. Mpaka watakapokubaliana, watoto wa vijiji viwili watafika kwenye mwanya wetu, watauona kuwa mzuri, kisha watageuka na kwenda zao kwenye lami.